Proxmox VE kwa maabara ya nyumbani: nyota nne, na ya tano iko wapi

Naipa Proxmox VE, mfumo wa kuendesha kompyuta nyingi za kiprogramu ndani ya kompyuta moja, nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyopungua nitaeleza huko chini imekwenda wapi. Mimi ni fundi wa mitandao. Kazi yangu ni swichi, ruta na kebo. Seva nilizijua kwa mlangoni tu, hadi nilipoona kila ninachokiunganisha siku hizi ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu, iliyojificha ndani ya mashine nyingine. Nikaamua kujifunza nyumbani, na mpwa wangu anayesomea kompyuta akajiunga bila kualikwa.

Chombo chetu ni kompyuta ndogo ya mezani iliyostaafu ofisini: prosesa ya Intel yenye viini vinne (cores), RAM ya GB 32 na diski ya NVMe. Anayetaka kuanza asihangaike na seva za raki zinazopiga kelele usiku kucha. Prosesa hukaa bure muda mwingi. RAM ndiyo inayokwisha kwanza.

Proxmox VE ipo tangu 2008, inatengenezwa Vienna, Austria, na ndani yake ni Debian, aina ya Linux, yenye KVM kwa mashine pepe na LXC kwa kontena, yaani mazingira mepesi yanayotumia kernel ya mwenyeji. Msimbo wake uko wazi, na hakuna kipengele kilichofungiwa wanaolipa. Wengi tuliihamia baada ya Broadcom kuinunua VMware mwishoni mwa 2023 na kuondoa ESXi yake ya bure, iliyofanya kazi kama hii, Februari 2024. Ilirudishwa Aprili 2025, lakini kufikia hapo nilishazoea kuingia kwenye laini ya amri na kuona kila kitu kwa macho yangu. Sirudi.

Usakinishaji hauna hadithi ndefu. Unaandika ISO kwenye flashi, unajibu maswali machache, unaipa anwani ya IP isiyobadilika, na mengine yote unayafanya kwenye kivinjari kupitia poti 8006. Kabla ya hapo ingia kwenye BIOS uwashe VT-x, uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, ambayo kwenye bodi za AMD huandikwa SVM, la sivyo mashine pepe zitagoma kuwaka. Tena tumia kebo. Kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hukubali anwani moja tu ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao) kwa kila kifaa kilichojiunga, ilhali daraja lako, swichi ya kiprogramu inayoziunganisha mashine pepe na mtandao, linataka kupitisha nyingi. Ukishaingia, dirisha dogo litakukumbusha kwamba huna usajili wa kulipia. Lifunge, kisha nenda sehemu ya Repositories (hazina za programu), uzime hazina ya enterprise na uweke ya no-subscription, maana ile ya kwanza haitoi masasisho bila ufunguo.

Sasa mtandao, na hapa mtanivumilia. Daraja la vmbr0 ni swichi kabisa, tena swichi unayoweza kuipasua tumbo. Weka alama kwenye VLAN aware, ipe kila mashine namba yake ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), na ile poti halisi inakuwa trunki, inayobeba VLAN nyingi. Kisha tengeneza vmbr1 isiyo na poti yoyote ya nje, uweke OPNsense, mfumo wa ruta na ukuta-moto, katikati yenye mguu mmoja kila upande. Hapo umepata uwanja ambao hata ukiuvuruga, intaneti ya nyumbani haiguswi.

Kuna siku mashine namba 105 ilikataa kupata IP. Kila kadi pepe ina jina lake upande wa mwenyeji, kwa hiyo nikaandika tcpdump -i tap105i0, amri ya kutazama trafiki, na kuona maombi ya DHCP (ya kupewa IP) yakitoka moja baada ya jingine bila jibu. Nikahamia kwenye kadi ya OPNsense: kimya, hakuna kilichofika. Basi tatizo liko kati yao. Amri ya bridge vlan show ikaniambia lililobaki: OPNsense iko VLAN 20, na 105 mpwa wangu ameiweka 30. Kwenye swichi ya kazini ningelazimika kwanza kuomba ruhusa ya kunakili trafiki.

Kingine kinachostahili sifa ni violezo vya cloud-init, programu inayoiwekea mashine mpya mipangilio inapowaka mara ya kwanza. Pakua picha ya diski ya Debian iliyoandaliwa kwa ajili ya wingu, iingize kwa qm importdisk, ongeza diski ya cloud-init, andika jina la mtumiaji na ufunguo wake wa SSH, malizia na qm template. Tangu hapo, qm clone inakutolea mashine mpya kabla hujakaa sawa kwenye kiti. Ikiharibika hatuitibu, tunaifuta na kuzalisha nyingine.

Klasta, yaani kompyuta kadhaa (nodi) zinazosimamiwa kama moja, ni habari nyingine. Mpwa wangu alileta laptopu yake tukaifanya nodi ya pili, na jioni akaizima ili aondoke nayo.

"Mjomba, hii iliyobaki imekataa kuwasha chochote!"

"Haijakataa. Inasubiri kura."

Kila nodi ina kura moja, na klasta haitendi bila wingi. Wingi wa mbili ni mbili. Mashine zilizokuwa zikiendelea ziliendelea, lakini hakuna mpya iliyokubali kuwaka, na saraka ya mipangilio, /etc/pve, ikawa ya kusomwa tu. Amri ya pvecm expected 1 hukufungua kwa dharura. Dawa ya kudumu ni nodi ya tatu, au QDevice, mpiga kura wa ziada, kwenye kitu kidogo kama Raspberry Pi. Ila kwa mwanafunzi mimi napendekeza aanze na nodi mbili, kwa sababu zinakwama. Ceph, hifadhi inayosambaza data kwenye nodi nyingi, tumeiacha: inataka angalau nodi tatu, na kwenye SSD za kawaida uandishi wake unajikokota. Ukichagua ZFS kwa ajili ya diski, iwekee kikomo cha RAM, hasa kama ulisakinisha kabla ya toleo la 8.1, maana huko ilijiruhusu hadi nusu ya RAM yote.

Nyota ya tano sasa. Proxmox ni haipavaiza (mwendeshaji wa mashine pepe) nzuri yenye usimamizi mzuri, lakini kuiita wingu binafsi ni kuipamba. Wingu ni pale mtumiaji, bila kukupigia simu, anapoingia na kukuta mgao wake, akachagua ukubwa wa mashine, akajitengenezea mtandao na kujichukulia IP ya kuelea, inayoweza kuhamishwa toka mashine moja hadi nyingine. Proxmox inaweza kugawa ruhusa, ila bado ni meza ya msimamizi. Kwa hilo tunaendesha OpenStack, programu ya kujenga wingu, ndani yake: mashine pepe yenye RAM ya GB 16, aina ya CPU ikiwa host ili Nova, sehemu ya OpenStack inayowasha mashine, iweze kuwasha mashine ndani ya mashine kwa KVM, na DevStack, skripti za kuisakinisha OpenStack, juu yake. DevStack haikuundwa kudumu, na ukizima na kuwasha usitegemee itaamka salama, kwa hiyo tunatoa mashine mpya kwenye kiolezo na kuendesha stack.sh upya. Inachukua muda, nenda kaoge. Ikimaliza, amri ya ovn-nbctl show inaorodhesha ruta na swichi za kila mpangaji, na mimi napotelea humo. Mwenye RAM ya GB 16 atafanya yote niliyoyataja isipokuwa hili la mwisho.