Magazeti na majarida ya Kiswahili ya kumnunulia mwanafunzi wa sekondari: lipi litangulie?

Mzazi mwenye mtoto wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, akitaka kuongeza kitabu kingine cha marudio, mimi humshauri pesa hiyo aitie kwenye gazeti. Karatasi ya 102/1, ile ya insha ya Kiswahili, inaweza kumdai mtahiniwa tahariri au barua kwa mhariri, na wengi huingia chumba cha mtihani bila kuwahi kusoma hata moja gazetini.

1. Taifa Leo. Hili ndilo la kwanza, tena kwa mbali. Hutoka kila siku nchini Kenya na kulipata mjini si kazi. Siasa za ukurasa wa mbele zisubiri. Fungua penye mashairi. Mpe mtoto kalamu, apige mstari chini ya vina vya kati na vya mwisho, kisha ahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari: mara nyingi ni nane, pumziko, nane. Akishazoea kufanya hivyo kwa shairi jipya ambalo hakuna mwalimu aliyelichambua, swali la ushairi la 102/3, karatasi ya fasihi, litapungua makali. Halafu aisome tahariri, aone inavyotaja suala, inavyolitolea msimamo na inavyopendekeza hatua. Makala za safu ya Akilimali zitampa msamiati wa kilimo na biashara. Visa vifupi vya safu ya Dondoo vinachekesha, ila vingine ni vya watu wazima, kwa hivyo vipitie wewe kwanza. Kama kila siku ni ghali, nunua nakala moja kwa wiki na isomwe yote.

2. Mwananchi. La Tanzania, lilianza mwaka 2000. Aliye Kenya atalisoma zaidi kwenye simu. Nalipenda kwa Kiswahili chake kinachotiririka. Kijana asiyependa kusoma mpe ndugu yake, Mwanaspoti. Habari za Simba na Yanga atazisoma bila kusukumwa.

3. Mkulima Mbunifu. Jarida la kilimo hai, pia la Tanzania, na matoleo yake yapo bure mtandaoni. Hueleza kazi hatua kwa hatua, kwa mfano kutengeneza mboji. Lina manufaa kwa anayejifunza kuandika maelekezo.

4. Kiswahili na Mulika. Majarida ya kitaaluma ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu ayasome; mwanafunzi wa sekondari usimtwishe.

Ukinunua gazeti la karatasi, lifunue katikati kabla ya kulipa. Kurasa za ndani huchomoka zikibaki kwenye rundo la muuzaji, na mara nyingi ndizo ulizozifuata.