Vifaa vya kuchanganya na kumimina epoksi: kipi ununue kwanza

Wauzaji wengi huanza kukuonyesha mashine. Sisi tunaanza na mzani, maana epoksi nyingi (kimiminika kinachoganda ukichanganya rezini na hadina, yaani kigandishi chake) huharibika wakati wa kupima na kukoroga, kabla hata ya kufika kwenye kalibu.

1. Mzani na vikombe viwili. Kwa trei, hereni na meza ndogo, hivi vinatosha kabisa. Chukua mzani wa dijitali unaosoma gramu 0.1. Halafu soma lebo kwa makini: 2:1 kwa ujazo si 2:1 kwa uzito, kwa kuwa hadina ni nyepesi kuliko rezini. Kwa epoksi nyingi za uwiano huo, gramu 100 za rezini hutaka gramu 42 hadi 45 za hadina. Ukitia 50, ile ziada haina cha kushikana nacho na kazi inabaki laini. Kuzidisha hadina hakuharakishi chochote.

Koroga taratibu dakika 3 hadi 5 huku ukikwangua pembeni na chini, hamishia kikombe cha pili, koroga tena dakika moja. Wakati wa kumimina acha kukwangua. Kilichobaki kwenye ukuta wa kikombe hakikuchanganyika sawasawa, na ndicho kinacholeta madoa yanayonata hata wiki ikipita.

Joto la pwani nalo lihesabu. Muda wa kazi, yaani dakika ulizonazo kabla mchanganyiko haujaanza kuganda, ulioandikwa kwenye kopo kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 25 au chini yake. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, dakika 40 zinaweza kuwa 20. Tena nusu lita ikiachwa kwenye kikombe hujipasha yenyewe hadi kufuka moshi. Mimina upesi kwenye chombo kipana.

2. Tangi la presha na kompresa. Hili ndilo tunalolipendekeza kwa anayetengeneza vitu vyenye kung'aa kama kioo kwa ajili ya kuuza. Presha ya psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60 huminya viputo hadi visionekane, mradi kazi ikae ndani mpaka igande kabisa. Kalibu ya silikoni yenye viputo vyake itabonyea humo na kukuachia vinundu, kwa hiyo nayo igandishe kwenye presha ileile. Nunua tangi lenye vali ya usalama na kiwango cha presha kilichoandikwa. Sufuria ya presha ya jikoni usiiguse: haikutengenezwa kwa mzigo huo.

3. Katriji pacha na bunduki yake. Rezini na hadina hukaa kwenye mirija miwili iliyounganishwa, na bunduki huzisukuma pamoja hadi kwenye nozeli, mdomo unaozichanganya. Ni ghali kwa lita, lakini kwa kufunika bodi za elektroniki au kuziba nyufa hakuna kilicho rahisi zaidi. Kabla ya kufunga nozeli, bonyeza mpaka pande zote mbili zitoke sawa. Ukishaifunga, tupa kiasi cha kwanza kinachotoka. Nozeli hugandia ndani ukisimama kidogo tu, kwa hiyo nunua za akiba.

4. Pampu ya vakyumu. Hii hunyonya hewa ili viputo vitoke kabla ya kumimina. Inafaa zaidi kwa silikoni. Epoksi hufura mara kadhaa ya ujazo wake, basi jaza robo tu ya chombo, na ujue dakika zinazotumika humo zinatoka kwenye muda wako wa kazi. Rezini ya poliesta usiiweke: stairini, kimiminika chepesi kilichomo ndani yake, huchemka.

5. Mashine ya kupima na kuchanganya. Inunue tu kama unamimina rezini ileile kila siku. Ya pampu za gia ni nzuri kwa rezini safi. Rezini yenye unga wa madini husaga gia hizo, kwa hiyo uliza mashine ya pistoni, na tangi lenye kikorogeo ili unga usitulie chini. Tangi la hadina liwe na kichujio cha kukausha hewa, kwani unyevu huiharibu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji atoe kila upande kwenye kikombe chake, bila nozeli, mara tatu mfululizo, nawe upime kwa mzani. Uwiano ukiyumba mbele yako, iache.