Ukuta wa chumba cha watoto: rangi ya maji au ya mafuta?

Hapa Kigoma, mtoto aliyetoka kula mboga ya mawese akishika ukuta, umekwisha. Ndiyo maana chumba cha michezo nakipaka rangi ya mafuta, ila mpaka mita 1.2 tu kutoka sakafuni. Kitambaa chenye sabuni kinatoa mawese, chaki, hata matope ya mpira. Ubaya wake harufu: madirisha yawe wazi, watoto walale mbali siku kadhaa. Na dukani ulizia isiyo na madini ya risasi, maana hudhuru ubongo wa mtoto.

Rangi ya maji ni nafuu na hukauka kwa saa chache, lakini doa la mawese huzama humo. Ipake juu, wasikofika. Dari? Iache nyeupe.