Samaki pundamilia au panya?
Hapa Kampala ukitaja samaki mdogo, watu hufikiria mukene wa kukaanga. Mimi, nikitaka kuona ubongo ukifanya kazi, ningemchagua samaki pundamilia kabla ya panya mdogo wa maabara. Kitoto chake cha siku tano kina urefu wa milimita 4 hivi, nacho kinapitisha mwanga kama kioo. Seli zake za neva, takriban 100,000, zikipewa protini inayong'aa kalsiamu inapoingia, yaani seli inapofanya kazi, zinametameta chini ya hadubini. Mwaka 2013, watafiti Misha Ahrens na Philipp Keller, huko Marekani, walirekodi zaidi ya asilimia 80 ya seli hizo. Panya? Takriban milioni 70, na fuvu linaziba mwanga. Ila gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kama letu, hilo analo panya.