Uzoefu wangu na mashine ya kufulia ya zamani, gesti ya Kirumba, Mwanza

Kila mgeni anayepita korido ya nyuma akaiona huuliza kama ile mashine inafanya kazi kweli. Inafanya. Inafua mashuka, foronya na taulo za gesti yangu karibu kila siku, na kiumri inawazidi wasichana wote wanaoitumia. Jina la mbele lilishabanduka kabla haijanifikia. Kwenye kibati cha nyuma kumebaki maandishi machache: 220 V, 50 Hz, na chini yake "Made in W. Germany". Ujerumani Magharibi na Mashariki ziliungana Oktoba 1990, kwa hiyo hii ilitoka kiwandani kabla ya hapo, ikafulia watu wa Ulaya miaka sijui mingapi, kisha ikapanda kontena la mtumba.

Kabla yake nilikuwa na mpya ya dukani. Nzuri kwa macho: mlango wa kioo cheusi, vitufe vya kugusa, kimuziki ikimaliza. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikazima moja kwa moja. Fundi akafungua, akanionyesha bodi yenye doa jeusi. Bodi nyingine ilikuwa ya kuagiza Dar, bei yake karibu nusu ya mashine, na hakuna aliyekubali kunihakikishia kwamba haitaungua tena. Jina la kampuni siliandiki, maana kwa maelezo ya fundi ugonjwa huo hauchagui kampuni. Kwa muda tukarudi kwenye beseni na mikono, na mashuka ya gesti si nguo za mtoto. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na samaki wanaoshukia soko la Mwaloni: wa Ukerewe, wa Musoma, wengine kutoka Kongo. Shuka alilolalia mtu aliyeshinda sokoni na magunia ya dagaa halisafiki kwa kuchovya na kusuuza. Harufu inabaki kwenye uzi, ukilinyoosha shuka na pasi ndiyo inaamka.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeniambia, "Mama, achana na za vitufe. Tafuta ya kitasa cha kuzungusha." Niliipata kwa muuza mitumba wa vyombo vya umeme, laki nne na nusu baada ya kuvutana, usafiri juu yangu.

Nieleze kidogo hicho kitasa, kwa sababu sifa zote za mashine hii zinaanzia hapo. Nyuma yake kuna taima: kimota kidogo kinachozungusha taratibu magurudumu ya plastiki yenye vilima na mabonde. Kilima kikifika kwenye swichi kinaibana, bonde likifika inaachia. Hivyo ndivyo mashine inavyojua sasa ni kuingiza maji, sasa ni kuzungusha, sasa ni kutoa maji, sasa ni kukamua. Ukisimama karibu unaisikia ikigonga tk, tk, kila baada ya muda. Umeme ukikatika katikati ya kufua, kitasa kinabaki palepale kilipokuwa. Umeme ukirudi, kazi inaendelea kutoka hapo, bila mtu kubonyeza chochote. Haisemi "error", haianzi upya na kumeza maji mengine. Ukirudi kwa kishindo, haikuti bodi ya kompyuta ya kuunguza. Hata hivyo nimeifungia stebilaiza, maana mota nayo ina roho.

Jambo la pili ni maji. Gesti iko upande wa mlimani, na anayeujua mji huu anajua maana yake: mawe. Nyuma ya nyumba kuna jabali ambalo hakuna aliyewahi kulivunja, basi tulilisawazisha juu kwa zege tukaweka simtenki pale. Maji yanashuka kwa uzito wake tu. Kila mita kumi za kimo zinakupa baa moja ya presha. Mimi sina mita kumi, kwa hiyo maji yanaingia kwenye mashine polepole. Ile mpya ilikuwa haivumilii. Ikisubiri ikaona maji hayajafika kwa muda iliopangiwa, inasimama na kuwasha alama. Hii ya zamani haina saa ya kusubiri maji. Kuna mpira mwembamba unaopanda kutoka chini ya pipa. Maji yakipanda ndani ya pipa yanasukuma hewa iliyonaswa kwenye mpira ule, hewa inabonyeza kiwambo, swichi inabadilika, ndipo mashine inaanza kuzungusha. Maji yakichukua dakika tatu sawa, yakichukua robo saa sawa. Itakaa pale inangoja.

Sasa tuje kwenye kuharibika, maana asikudanganye mtu kwamba mashine za zamani haziharibiki. Yangu ilianza kelele wakati wa kukamua. Mwanzo ni mvumo, baadaye ikawa inanguruma kama kinu cha kusaga mahindi, mpaka wageni wa chumba cha jirani wakalalamika. Fundi akaweka mkono ndani, akalinyanyua dramu juu chini, likacheza. "Beringi," akasema, na hakuangalia kitu kingine.

Kazi ile niliitazama yote, nimekaa kwenye kigoda. Alitoa mfuniko wa juu, akafungua lile tofali zito linaloizuia mashine isirukeruke inapokamua, akatoa mkanda, puli, nyaya za hita. Pipa zima likanyanyuliwa na watu wawili. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wanazipenda hizi. Pipa la nje limefungwa kwa bolti pande zote. Unafungua bolti, pipa linaachana, dramu unaitoa, beringi unazigonga kutoka nyuma kwa nyundo na kipande cha chuma. Mashine nyingi za siku hizi pipa la nje ni plastiki iliyochomelewa kiwandani. Beringi ikifa, ama ulikate pipa kwa msumeno na uje kuliunga kwa gundi na skrubu, ama ununue pipa zima na dramu yake. Beringi ya elfu chache inakuua mashine nzima.

Zangu zilikuwa zimeshika kutu, gololi nyekundu, grisi imegeuka uji wa kahawia. Chanzo hakikuwa beringi zenyewe. Ni sili, ule mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, ulikuwa umekakamaa ukapasuka mdomo. Fundi akafuta ukingo wa beringi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, namba zikatokea: 6305 na 6306. Namba hizo ni zilezile dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata upana wa tundu kwa milimita, yaani 25 na 30. Haijali kama beringi inaingia kwenye mashine ya kufulia, pampu au mashine ya kusaga. Kijana akatumwa mjini kwenye duka la beringi, akarudi nazo kabla chai haijapoa, na sili imepimwa kwa vipimo vyake vitatu: ndani, nje na unene. Fundi akasugua ekseli kwa msasa laini mahali sili inapokaa, akapaka grisi isiyooshwa na maji, akafunga. Sikuagiza kitu Dar, sikumpigia wakala simu.

Kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, nazo zimeshabadilishwa. Zile za saizi yake hazikupatikana, fundi akachukua za grainda, kubwa kidogo, akazipunguza kwa tupa mpaka zikaingia. Zinafanya kazi mpaka leo.

Huko Ulaya mashine hizi zilikotoka, wenyewe nao naona wamestuka kwamba za siku hizi ni ngumu kutengeneza. Tangu Machi 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inawalazimisha watengenezaji wa mashine za kufulia kuhakikisha spea muhimu zinapatikana kwa angalau miaka 10. Kampuni ya Miele, ambayo mafundi wengi wakisikia jina lake wanatabasamu, hutangaza kwamba mashine zake inazipima kwa matumizi yanayolingana na miaka 20. Ni vizuri. Ila sheria ya Ulaya haileti spea Kirumba, na mimi bado nalala usingizi zaidi nikijua beringi yangu inauzwa mtaa wa pili.

Kuhusu sabuni, hili litamsaidia yeyote wa kanda hii, iwe mashine yake ni ya zamani au mpya. Maji ya ziwa ni laini, hayana chokaa nyingi, kwa hiyo povu linafura haraka. Ukitia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, povu litatokea kwenye droo ya sabuni litambae sakafuni, na ndani nguo hazisuguani, zinaelea tu. Tumia ya mashine, na hata hiyo tia pungufu ya kipimo cha kwenye pakiti. Faida ya maji hayahaya ni kwamba hita haijengi ukoko. Yangu ilikuja na ganda jeupe gumu kwenye hita, ushahidi kwamba ilikotoka maji yalikuwa magumu. Fundi aliliondoa kwa siki, na halijarudi.

Chujio la pampu lisafishwe mara kwa mara. Kwangu hutoka magamba ya sangara, sarafu za mia mbili, vishikizo, na mchanga mwingi kuliko unavyofikiri.

Kasoro zake nazo niseme. Inakunywa maji: mzigo mmoja unakaribia lita 100, wakati za kisasa nyingi zinamaliza kwa nusu yake. Anayenunua maji kwa madumu asiiguse. Inakamua taratibu, mizunguko 800 kwa dakika, kwa hiyo mashuka yanatoka na unyevu. Kiangazi si tatizo, jua la Mwanza linamaliza kazi kabla ya mchana, ila masika nguo zinalala kambani. Nayo ni nzito, karibu kilo mia. Mkokoteni uliishia barabarani, vijana wanne wakaibeba kupanda ngazi za mawe wakipumzika kila kona, na walichonitoza kilikuwa haki yao.

Umeme haunisumbui kama watu wanavyodhani. Kinachokula ni hita, si mota. Kupasha lita 20 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 kunahitaji takribani uniti 0.8, basi maji ya moto nayaweka kwa mashuka ya wateja wa dagaa tu na taulo. Vingine vyote ni maji baridi. Pia plagi iliyokuja nayo ilikuwa ya Kijerumani, miguu miwili ya duara. Ikatwe, ifungwe ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13, na soketi iwe imara, maana hita ikiwaka soketi dhaifu inayeyuka.

Ukienda kununua, usiridhike kuonyeshwa taa inawaka. Fungua mlango, zungusha dramu kwa mkono na usikilize. Ikikwaruza, beringi zimechoka. Linyanyue dramu kwa juu: likicheza peke yake bila pipa kusogea, ni hilohilo. Likandamize chini uliachie. Litulie mara moja, likiendelea kudunda springi au shoki zimekwisha, na nyingi zimekwisha kwa sababu zimesafirishwa baharini bila zile bolti ndefu za kushikilia pipa. Chungulia nyuma kama kuna michirizi ya kutu katikati. Geuza kitasa pole pole mzunguko mzima, kisikie kinagonga kila hatua. Halafu idai ijazwe maji na ikamue mbele yako. Muuzaji akisema maji hayapo leo, rudi siku yatakapokuwepo. Mwenye chumba kimoja na nguo za watu wawili sioni kama anaihitaji, na mwenye kupanga ghorofani mwenye nyumba atamfukuza kwa mtetemo. Kwa gesti, saluni, hosteli au familia kubwa yenye tenki lake, sijaona cha kuishinda kwa bei ile.

Kinachonitatiza sasa ni mpira wa mlango. Umeanza kupasuka chini, pale maji yanapotuama, na unadondosha kidogo kila inapokamua. Fundi ameuziba kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli na gundi, umeshika kwa sasa. Mpira huu hauna namba za dunia nzima kama beringi, kila mashine na wake. Kipimo cha mdomo wa ndani nimekiandika na picha ninayo kwenye simu, nimeshawaonyesha wauza mitumba wa Mlango Mmoja na wa Nyakato bila mafanikio. Kontena likishuka naambiwa niwahi kabla mashine mbovu hazijaenda kwa wanunua vyuma chakavu, nikachomoe huko.