Uzoefu wangu na HandBrake: kuzigeuza video za simu zichezeke kwenye kompyuta za zamani za ofisi

Ofisi yetu iko Chumbageni, jijini Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwafundisha wakulima wadogo wa mkonge namna ya kutunza shamba, kukata majani na kuyafikisha yangali mabichi kwenye korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Kwa miaka mingi tulifundisha kwa maneno na picha za karatasi, mpaka mwaka jana tulipomtuma kijana wetu mmoja aende mashambani na simu yake arekodi kazi yenyewe: majani yanavyoingia mashineni, singa (nyuzi za mkonge) zinavyotoka, zinavyooshwa na kuanikwa. Alirudi na video 14 safi kabisa, zilizorekodiwa kwa iPhone katika ubora wa 4K. Tatizo lilikuwa mahali pa kuzionyeshea. Kompyuta tatu za mezani tunazotumia katika chumba cha mafunzo zina Windows 7 Professional, prosesa za Core 2 Duo na RAM ya GB 2, na neno la siri la kusakinisha programu analo fundi ambaye huja pale tu anapoitwa, na wakati mwingine hata akiitwa haji.

Siku ya kwanza tulifungua video ya korona mbele ya mhasibu wetu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mngurumo wa mashine ulisikika vizuri, lakini kioo kilikuwa cheusi tii. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii sinema yako ni ya kutazama au ya kusikiliza?" Nilimwomba radhi na kumwahidi kwamba kabla ya wiki kwisha angeiona.

Nilianza kwa njia ya mkato, nayo ikanigharimu. Nilizipeleka faili mbili kwenye duka moja la stesheneri, nikatozwa shilingi 2,000 kwa kila faili, na baada ya robo saa nikarudishiwa flashi huku naambiwa, "Tayari, dada, zote nimekubadilishia ziwe AVI." Ofisini hazikufunguka kabisa. Nilipolinganisha ukubwa wa faili nikakuta ni uleule mpaka baiti ya mwisho, na hapo nikaelewa kwamba kijana wa dukani alifuta herufi za mwisho za jina la faili akaandika nyingine. Simlaumu sana, maana hata mimi hadi siku hiyo niliamini kwamba MP4 au AVI ndiyo video yenyewe.

Kumbe majina hayo ni ya kapu tu. Kapu laweza kuandikwa "machungwa" na ndani mkawa na malimau, na mashine hailalamikii maandishi ya nje bali kile inachokikuta ndani. Kinachoamua kama video itaonekana ni kodeki, yaani kanuni iliyotumika kuzibana picha ili faili isiwe kubwa mno. Tangu mwaka 2017, iPhone zenye uwezo huo hutumia kodeki ya H.265, ambayo pia huitwa HEVC, isipokuwa mwenye simu achague vinginevyo kwenye mipangilio. Kodeki hiyo ilipitishwa mwaka 2013, ilhali Windows 7 ilitoka mwaka 2009, kwa hiyo Windows Media Player iliyomo ndani yake haina namna ya kuifumbua. Kodeki iliyoitangulia, H.264, ni ya mwaka 2003, na hiyo Windows 7 inaijua bila kuongezewa chochote. Sauti zetu zilikuwa za kodeki ya AAC, ambayo nayo inajulikana, na ndiyo sababu mzee alisikia asichokiona.

Wapo watakaouliza kwa nini sikuweka VLC tu, ile programu ya bure ya kuchezea video, nikamaliza habari. Nami niliwaza hivyohivyo, na fundi alipokuja nilimwomba aisakinishe kwenye kompyuta moja. Ni kweli kwamba VLC huifumbua H.265 hata ndani ya Windows 7, lakini kuifumbua ni jambo moja na kuifumbua kwa kasi inayotakiwa ni jambo jingine. Fremu moja ya 4K, yaani picha moja kati ya zinazounda video, ina pikseli 3,840 kwa 2,160, mara tisa ya fremu ya 720p yenye pikseli 1,280 kwa 720, na simu hurekodi fremu kama hizo 30 kila sekunde. Prosesa yetu ilielemewa. Jani la mkonge liliingia kwenye korona, likaganda, likaruka hatua nne, likaganda tena, na feni ya kompyuta ikavuma kushinda mashine iliyorekodiwa. Ilikuwa dhahiri kwamba video zenyewe ndizo zilizohitaji kupunguzwa, tena kwenye mashine nyingine yenye nguvu.

Hapo ndipo nilipoipata HandBrake. Ni programu ya bure ya kubadilisha video, isiyo na matangazo, isiyobandika nembo yake juu ya video na isiyokuwekea kikomo cha dakika, tofauti na tovuti nyingi za kubadilisha faili, ambazo pia zingenimalizia bando kwa kupandisha na kushusha magigabaiti. Alama yake ni nanasi lililowekwa kando ya glasi ya kinywaji, na sijui linahusiana vipi na breki ya mkono. Pakueni kutoka tovuti yake rasmi ya handbrake.fr, si kwingineko, na hata huko ni busara kuhakiki namba ya utambulisho ya faili, kwa sababu Mei 2017 seva mojawapo ya kupakulia ilivamiwa na toleo la Mac likatiwa programu hasidi kwa siku chache.

Malalamiko yangu ya kwanza yalianza kabla sijabadilisha hata faili moja. Matoleo ya sasa ya HandBrake hayasakiniki kwenye Windows 7. Yanataka Windows 10 au ya baadaye, tena ya biti 64. Maana yake ni kwamba kompyuta yenye shida haiwezi kujitibu, na asiye na nyingine mpya zaidi hataambulia kitu. Mimi nilitumia laptopu yangu ya nyumbani. Hata hiyo, nilipoifungua programu mara ya kwanza, ilinitaka kwanza nisakinishe nyongeza ya Microsoft iitwayo .NET, jambo ambalo lingemkatisha tamaa mtu asiyezoea. Dirisha lenyewe nalo lina vichupo vingi vyenye istilahi nzito, ingawa kwa kazi kama yetu karibu vyote vinaweza kuachwa kama vilivyo.

Nilichofanya ni kuiburuta faili hadi kwenye dirisha, nikachagua katika orodha ya mipangilio iliyoandaliwa ule uitwao Fast 720p30, nikaacha kapu liwe MP4 na kodeki iwe H.264, nikataja folda ya kuhifadhia, nikabonyeza kitufe cha kuanza. Video ya korona ya dakika 11, iliyokuwa na GB 1.9, ilitoka ikiwa na MB 210 baada ya dakika kama 12. Mipangilio hiyo hutumia ubora usiobadilika, unaopimwa kwa namba ambayo kadiri inavyopungua ndivyo picha inavyokuwa safi na faili inavyokua. Kwa picha za singa, ambazo ni nyuzi nyembamba zinazotikisika kwenye jua, niliishusha hadi 20, kwa sababu kwenye kiwango cha awali nyuzi zilianza kuonekana kama uji. Kwa video ya mtu aliyesimama akieleza, sikugusa kitu.

Kilichonifurahisha zaidi ni foleni. Nilizipanga zile faili 13 zilizosalia jioni, nikalala. Usiku umeme ulikatika, na hapa nina onyo: faili ya MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, hivyo ikikatizwa katikati unabaki na mamia ya megabaiti yasiyofunguka popote. Betri ya laptopu iliniokoa kwa saa moja hivi, lakini faili iliyokuwa ikiendelea mashine ilipozimika ilibidi niifute na kuianza upya. Tangu hapo kazi hiyo naifanya mchana, nikiwa karibu.

Kasoro nyingine zilitokana na sisi wenyewe. Mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alipopewa faili mpya azibadilishe, alichagua H.265 akiamini kwamba namba kubwa ndiyo bora, na tukarudi kwenye kioo cheusi cha siku ile. Hakukosea kwa upande mmoja, kwa kuwa kodeki hiyo hutoa faili ndogo zaidi kwa ubora uleule. Alichosahau ni nani atakayeifumbua. Jambo la pili ni kwamba simu hazirekodi kwa kasi moja ya fremu, bali huongeza na kupunguza kidogokidogo kulingana na mwanga. Katika video moja ndefu, mdomo wa msimamizi wa shamba ulikuwa ukitangulia sauti yake kadiri dakika zilivyosonga. Nilipoingia kwenye kichupo cha video nikachagua kasi isiyobadilika ya fremu 30, kisha nikabadilisha tena kutoka faili ya asili, sauti na mdomo vikakutana.

Penye upungufu wa kweli ni kwenye PowerPoint. Kompyuta yetu moja ina Office 2010, nasi tulitaka video zikae ndani ya slaidi ili mwalimu asihangaike kutoka na kuingia. PowerPoint ya mwaka huo haipokei MP4 ila kompyuta iwe na QuickTime, programu ya kuchezea video ambayo Apple waliacha kuihudumia kwa upande wa Windows mwaka 2016, na mimi singemshauri mtu aisakinishe leo. Fomati inayoipokea bila maneno ni WMV, na HandBrake haitoi WMV. Inatoa MP4, MKV na WebM tu, kwani hata AVI waliiondoa mwaka 2009. Kwa kazi hiyo nililazimika kutumia FFmpeg, programu nyingine ya kubadilisha video, ambayo haina vitufe wala dirisha la kuvutia, bali unaandika amri kama hii:

ffmpeg -i korona.mp4 -c:v wmv2 -b:v 3M -c:a wmav2 -b:a 128k korona.wmv

Faili iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko MP4 na picha yake hafifu kidogo, maana kodeki hiyo ni ya kizamani, lakini ilikaa ndani ya slaidi na kucheza kwa mbofyo mmoja. Wanaoogopa kuandika amri wanaweza kuijaribu sehemu ya kubadilisha iliyomo ndani ya VLC, nayo hutoa WMV, ingawa kwangu ilinipa faili mbili zisizo na sauti, sikuwa na subira ya kutafuta sababu.

Najua pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwamba dawa ya kudumu ni kununua kompyuta mpya. Maombi tumeshapeleka. Kwa sasa zile tatu tumezitoa kwenye intaneti, na video zinafika kwa flashi pekee, jambo lililotufundisha kwamba flashi iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4 hata ikiwa na nafasi tele. Sababu nyingine ya kupunguza kabla ya kubeba.

Ningetoa nyota nne kati ya tano: HandBrake imefanya kwa uaminifu kile inachosema inafanya, na nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya WMV na ule usumbufu wa kuisakinisha. Faili za asili hatuzifuti, kwa kuwa ubora uliopunguzwa haurudi. Sasa kwenye diski ya nje kuna folda tatu, "Asili", "MP4" na "WMV ya slaidi", na juu ya diski yenyewe nimebandika karatasi yenye maneno "H.264, 720p, fremu 30" ili atakayenipokea kazi asianzie dukani. Mzee mhasibu aliiona video yake siku ya Alhamisi, akaitazama dakika zote 11, kisha akaomba irudishwe nyuma pale singa zinapoanza kutoka.