Kutafuta wasia wa mzazi kupitia Gazeti Rasmi la Kenya: huduma hii inafaa kiasi gani?

Mzazi akifariki Kenya, watoto wengi hungoja wasia "usomwe". Hungoja baada ya matanga, baada ya arubaini, baada ya ndugu wa ng'ambo kurudi. Wengine hungoja miaka. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haina kifungu kinachomlazimisha mtu yeyote kuwakusanya watoto na kuwasomea wasia. Wala haimtaki mwenye kuuandika ausajili popote. Karatasi inaweza kuwa kwa wakili, benki, kwa kaka mkubwa au ndani ya sanduku la chumbani, na aliyenayo akiamua kunyamaza, atanyamaza.

Ila hawezi kuhamisha hata ploti moja bila kwenda mahakamani. Mahakama nayo, kwa kifungu cha 67, haitoi hati ya kusimamia mali (isipokuwa ile ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali) kabla ombi halijatangazwa na watu kupewa muda wa kupinga usiopungua siku 30. Matangazo hayo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na ndiyo huduma tunayoipima hapa: mtoto asiyeambiwa kitu anaweza kulitumia kujua wasia unasema nini? Jibu ni ndiyo, mradi ajue kwamba Gazeti halichapishi wasia. Linamwonyesha ulipo.

Toleo la kawaida hutoka kila Ijumaa, na kuna matoleo maalumu kati ya siku hizo. Nakala ya karatasi hununuliwa kwa Mpiga Chapa wa Serikali, Barabara ya Haile Selassie, Nairobi. Jalada limebeba bei ya Sh. 60 kwa miaka mingi. Huna haja ya kuinunua. Tovuti ya Kenya Law huweka matoleo bure, na Gazettes.Africa ina hifadhi ya matoleo ya zamani. Faili za PDF ni nzito kwa simu yenye bando dogo, kwa hiyo kazi ya kupekua matoleo ya miezi kadhaa ni afadhali uifanyie saiba. Kwa bei na upatikanaji, huduma hii haina mpinzani.

Udhaifu wake wa kwanza ni lugha. Matangazo ni ya Kiingereza cha mahakama, herufi ndogo, yamebanwa mfululizo bila nafasi, na aliyefiwa anayeyasoma kwa mara ya kwanza huyapita bila kuyaelewa. Muundo wake haubadiliki sana, kwa hiyo ukisoma moja umesoma yote. Juu kuna jina la mahakama na mji. Kisha namba ya kesi. Yenye herufi E mbele imefunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Kisha mwombaji na uhusiano wake na marehemu: mke, mwana, binti, au msimamizi aliyetajwa ndani ya wasia. Kisha jina la marehemu, alikokuwa akiishi, mahali alipofia na tarehe.

Katikati ya sentensi hiyo ndefu kuna maneno machache yanayobeba kila kitu. Ukikuta "probate of written will", mwombaji ameiambia mahakama kwamba wasia upo na ameuambatisha. Ukikuta "letters of administration intestate", ameiambia mahakama kwamba marehemu hakuacha wasia. Chini ya tangazo la aina ya kwanza kwa kawaida kuna maelezo mafupi kwamba wasia umewekwa mahakamani na uko wazi kukaguliwa. Mstari huo ndio sababu tunaipa huduma hii alama za juu. Kuanzia siku hiyo wasia si siri ya familia tena. Unaomba faili, unausoma.

Kuna tarehe mbili, na nyingi ya pingamizi zinazochelewa huanzia hapa. Mwisho wa tangazo kuna tarehe aliyotia saini msajili, ambayo mara nyingi ni wiki kadhaa kabla. Siku 30 hazihesabiwi kutoka hapo. Huhesabiwa kutoka siku ya kuchapishwa, yaani tarehe iliyo juu ya jalada la toleo. Anayesoma tarehe ya saini anaweza kudhani muda umekwisha na akakata tamaa bure. Anayeliona tangazo wiki ya tatu akadhani bado ana mwezi mzima anaumia zaidi.

Pale ambapo hakuna wasia, mwombaji lazima awataje warithi wote katika hati ya kiapo na awajulishe wenye haki sawa na yake, ndiyo maana huzungusha fomu za ridhaa zitiwe saini. Msimamizi aliyeteuliwa na wasia hana haja ya ridhaa hizo. Anaweza kufungua ombi, akalilipia, akalitangaza na kupewa hati bila binti wa marehemu aliyeolewa Busia kupigiwa simu hata mara moja. Kwa mtu kama huyo, tangazo la Ijumaa linaweza kuwa taarifa pekee atakayoipata. Kwa maoni yetu huu ni mzigo mkubwa mno kwa chapisho ambalo wananchi wengi hawajawahi kulishika, na mahakama ingepaswa kumtaka kila msimamizi athibitishe kwamba amewajulisha watoto wote.

Utafutaji wenyewe una mitego. Kutafuta jina kamili kwa kisanduku cha utafutaji ndiyo njia mbovu kuliko zote. Kurasa zimepangwa kwa safu mbili, na jina linaweza kukatwa mwisho wa mstari kwa kistari, hivyo kompyuta hailioni. Matoleo yaliyopigwa skani husomwa vibaya, herufi moja ikageuka nyingine. Majina yetu nayo yanaandikwa kwa namna nyingi: Njoroge Kamau huwa Kamau Njoroge, jina la ubatizo hutajwa au kuachwa, Mohamed huwa na m moja au mbili, na mwenye majina kadhaa hutajwa kwa neno "alias". Tafuta jina moja tu, lile lisilo la kawaida zaidi, kisha tafuta mji wa kifo, kisha tarehe ya kifo. Usipopata, soma kwa macho. Angalia pia kurasa za mwanzo penye masahihisho, maana jina lililochapwa vibaya mwezi uliopita hurekebishwa hapo kwa mistari michache.

Usitafute chini ya Mahakama Kuu pekee. Mahakama za mahakimu husikiliza mirathi pia kulingana na thamani ya mali. Hakimu mkuu ana uwezo wa hadi shilingi milioni 20. Shamba dogo na akaunti moja ya benki huenda yako chini ya mahakama ya hakimu katika mji wa kaunti, si Milimani, Nairobi. Yapo pia matangazo ya Mdhamini wa Umma (Public Trustee, ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu), yaliyopangwa kwa jedwali, ambapo safu moja inaonyesha kama marehemu aliacha wasia.

Ukihisi tangazo la mirathi lilikupita miaka iliyopita, tafuta namba ya kipande cha ardhi badala ya jina. Hati miliki ya marehemu inapokuwa imepotea au aliyenayo amekataa kuitoa, msajili wa ardhi hutangaza nia ya kuandikisha mmiliki mpya bila hati hiyo, na tangazo hutaja mahakama na namba ya kesi ya mirathi. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa faili. Njia nyingine ni ukurasa wa hukumu wa Kenya Law: kesi za mirathi hubeba jina linaloanza na "In re Estate of", na jaji anapoamua ugomvi wa wasia hunukuu vifungu vyake kwa urefu.

Ukishapata namba, nenda masjala ya mahakama iliyotajwa. Beba kitambulisho, nakala ya ukurasa wa Gazeti, cheti cha kifo kama unacho, na barua fupi ya kuomba kukagua faili inayotaja namba ya kesi na uhusiano wako na marehemu. Ada ya kukagua ni ndogo na hulipwa kwa simu. Nakala zilizothibitishwa hulipiwa kwa kurasa. Omba nakala iliyothibitishwa, usiridhike na picha ya simu, kwa sababu ukitaka kupinga utahitaji karatasi yenye muhuri. Kosa la kawaida hapa ni kuomba wasia peke yake. Omba faili yote. Hati ya kiapo ya mwombaji ina orodha ya mali na madeni, na kuilinganisha na wasia ndiko kunakoonyesha kilichoachwa nje: gari lililotajwa kwenye wasia lakini halimo kwenye orodha, au kipande cha ardhi kilicho kwenye orodha lakini wasia haukukigusa, ambacho kitagawanywa kana kwamba hakukuwa na wasia.

Katika wasia wenyewe, angalia mwisho kabla ya mwanzo. Lazima kuwe na saini au alama ya marehemu na mashahidi wawili au zaidi waliomwona akitia saini, au waliokiriwa naye kwamba saini ni yake. Shahidi akiwa pia ni mrithi ndani ya wasia, zawadi yake haisimami bila mashahidi wengine wawili huru. Linganisha tarehe na ndoa za marehemu: ndoa iliyofungwa baada ya wasia huufuta, isipokuwa wasia ulisema wazi kwamba uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na mtu huyo. Angalia kama kuna nyongeza iliyoandikwa baadaye, na kama kurasa zote zina karatasi na chapa ya aina moja. Ukurasa wa katikati wenye herufi tofauti unastahili maswali.

Kama tangazo linasema hakuna wasia nawe unajua upo, weka pingamizi ndani ya muda na ueleze wasia huo uliko. Kama hakuna tangazo lolote, na aliyeshika wasia amekaa kimya, Gazeti halina msaada. Hapo kanuni za mirathi zinakuruhusu kuiomba mahakama imwite mtu huyo aje athibitishe wasia anaoushikilia, au msimamizi akubali au akatae kazi. Unaweza pia kuweka kaveati, yaani ombi la kuarifiwa mtu yeyote akifungua faili ya marehemu huyo. Na kama huku nje mali inauzwa au kukodishwa bila hati ya mahakama, kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa: faini isiyozidi Sh. 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Kuna mali ambazo hutaziona kwenye Gazeti hata ukilisoma kila Ijumaa. Mafao ya pensheni hulipwa kupitia wadhamini wa mfuko, akiba ya Sacco huenda kwa aliyeandikishwa, na nyumba ya umiliki wa pamoja humwendea aliyebaki hai. Kwa Waislamu, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Ulizia masjala ya Kadhi moja kwa moja, usitegemee Gazeti peke yake. Wasia wa mdomo nao haukaguliki. Husimama tu kama ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na marehemu akafariki ndani ya miezi 3, na kwenye faili utakuta majina ya mashahidi hao, ndio wa kuhojiwa.

Siku 30 zikipita si mwisho. Hati iliyotolewa kwa kuficha ukweli inaweza kuombewa kufutwa wakati wowote chini ya kifungu cha 76. Lakini mke au mtoto aliyenyimwa, anayetaka mahakama imtengee sehemu licha ya maneno ya wasia, ana mlango mmoja tu: kifungu cha 26, na ombi hilo halipokelewi baada ya hati kuthibitishwa, yaani mahakama kuidhinisha mgawanyo wa mali. Uthibitisho huombwa miezi 6 baada ya hati kutolewa, na mahakama inaweza kuuruhusu mapema. Kwa hiyo ukikuta kwenye faili kwamba hati imeshatolewa, jambo la kwanza kumwuliza karani ni tarehe yake, na kama ombi la kuthibitisha limepangiwa siku.